Besi Yako Yanguruma au Yalia? Namna ya Kuchagua Nyuzi Bapa

Mwulize mtu atokaye dansini ni chombo gani kilichomwinua kitini, naye atakutajia gitaa la solo, au tarumbeta, au koo la mwimbaji. Ni nadra mno kumsikia akilitaja gitaa la besi. Lakini hebu waya wa besi uchomoke kwa bahati mbaya katikati ya wimbo: papo hapo wachezaji watatazamana, miguu itasitasita, na muziki uliokuwa ukiwabeba watu wote utasikika mwepesi kama debe tupu. Kazi ya besi ni kazi ya msingi wa nyumba. Hausifiwi na mgeni yeyote, ila nyumba haisimami bila ya huo.

Ndugu msomaji, makala haya yanakuhusu hata kama hujawahi kushika gitaa maishani mwako. Yamkini wewe ni mzazi, na kijana wako anayejifunza muziki amekuomba fedha za nyuzi mpya. Au wewe ni mweka hazina wa kwaya, umeletewa karatasi ya mahitaji yenye aina mbili za nyuzi za besi, moja ikiwa ghali kama mara mbili ya nyenzake, na hapana aliyekueleza tofauti yake. Fedha ulizonazo ni za michango ya watu wanaoamka alfajiri kwenda kazini. Ukinunua kwa kubahatisha, hutaulizwa na fundi wa muziki; utaulizwa na wachangiaji. Kwa hiyo ni vyema kuijua tofauti hiyo kabla ya kufungua mkoba.

UTEPE NA WAYA

Gitaa la besi la kawaida lina nyuzi nne. Kuanzia ule mnene kuliko zote hadi ule mwembamba, wanamuziki huziita E, A, D na G. Uzi wa E ukipigwa wazi, bila ya kubanwa na kidole, hutikisika mara 41 hivi kwa kila sekunde moja. Ule wa G hutikisika mara 98. Urefu wake ni mmoja. Kinachozitofautisha zaidi ni uzito. Uzi mzito huenda polepole, na uendao polepole hutoa sauti nene. Sasa, kama uzi wa E ungetengenezwa kwa waya mmoja mnene, ungekuwa mgumu kama nondo ya kujengea, usiopindika wala kuimba. Ndiyo maana waundaji huchukua waya mwembamba wa chuma cha pua ukawa kiini, kisha wakauzungushia waya mwingine kwa nje, tabaka juu ya tabaka, hata uzito ukaongezeka nao uzi ukabaki na wepesi wa kutikisika.

Siri yote imo katika huo waya wa nje. Ukiwa wa mviringo, kama waya wowote wa kawaida, uzi utakuwa na matuta madogo madogo. Pitisha ukucha juu yake nawe utausikia ukikwaruza kama unaoupitisha kwenye meno ya kitana. Hizo ndizo nyuzi mviringo, na ndizo zinazofungwa katika magitaa mengi yauzwayo madukani leo. Lakini mwundaji aweza pia kuchukua utepe bapa wa chuma, akauzungusha ukingo kwa ukingo mithili ya bendeji iliyofungwa na mwuguzi hodari, mpaka uso wa uzi ukawa laini kabisa. Hizo ndizo nyuzi bapa. Kwenye pakiti za ng'ambo neno la kutafuta ni “Flatwound”. Zile za mviringo huandikwa “Roundwound”. Tofauti ya maneno hayo mawili ni ndogo machoni, na mwuzaji mwenye haraka aweza kukupa lile usilolitaka.

Ziko pia za katikati, ambazo ni nyuzi mviringo zilizosagwa kwa juu ili matuta yapungue, na ziko zilizovikwa utepe wa nailoni, mara nyingi mweusi. Hatutazieleza kwa kirefu. Ila mtu asikutishe kwamba za nailoni hazifai kwa gitaa la umeme: kiini chake ni cha chuma, na sumaku za gitaa hunasa mtikisiko wa chuma hicho. Zisizofaa ni zile ambazo hazina chuma kabisa ndani yake.

Je, utepe huu hubadili nini katika sauti? Uzi unapopigwa hautoi sauti moja tu. Juu ya ile nene ya msingi hupanda nyingine nyembamba, moja juu ya nyingine, na hizo ndizo zinazoipa sauti ukali wake, mlio wa kengele ndani yake. Katika uzi bapa, kingo za utepe husuguana kila uzi unapopinda, na msuguano huo huzila zile sauti nyembamba upesi. Kinachobaki ni mngurumo: sauti nene, fupi, ya duara, inayopiga kama kisigino juu ya sakafu ya mbao kisha ikanyamaza. Nyuzi mviringo hulia kwa muda mrefu na kwa ukali; nyuzi bapa husema neno moja, zikaisha. Kadhalika, kidole kinapoteleza kutoka mahali hadi mahali, uzi mviringo hupiga yowe dogo ambalo kipaza sauti hakikosi kulitangaza. Uzi bapa uko kimya.

ZILIKOTOKA

Wasomaji wanaopenda taarab ya Unguja wameiona ile besi kubwa ya mbao isimamayo kama mtu, ikipigwa kwa vidole nyuma ya fidla na ganuni katika makundi kama Culture Musical Club, lililoanzishwa mwaka 1958. Chombo hicho ndicho kilichokuwa besi ya dunia nzima kabla ya umeme. Kasoro zake zilikuwa mbili: hakibebeki kwa urahisi ndani ya basi, na sauti yake humezwa na ngoma na tarumbeta. Mwaka 1951 Leo Fender, fundi wa redio wa huko Fullerton, California, alianza kuuza gitaa la besi la umeme alilolipa jina la Precision Bass. Lilikuwa jembamba, labebwa begani, tena lina vile vipande vya chuma shingoni ambavyo wanamuziki huviita freti, vimsaidiavyo mpigaji asikosee mahali pa kubana.

Mtu anunuaye chombo kipya hutaka kwanza kifanye kazi ya kile cha zamani. Wapigaji wa miaka ya 1950 walitaka mngurumo wa besi ya kusimama, nao waliupata katika nyuzi bapa, ambazo ndizo zilizokuwa za kawaida wakati huo. Mambo yaligeuka katikati ya miaka ya 1960. Huko Uingereza, John Entwistle wa kundi la The Who alitaka besi isikike juu ya makelele ya wenzake, ikilia kama kinanda. Mwaka 1966 alishirikiana na kiwanda cha Rotosound, cha James How, wakapata nyuzi mviringo zilizomridhisha. Vijana wakazipenda. Katika miaka iliyofuata nyuzi mviringo zikashika soko, na nyuzi bapa zikaanza kuhesabiwa kuwa kitu cha wazee.

Nasema zilihesabiwa, kwa sababu hesabu hiyo ilikuwa na kasoro. Wako waliokataa kuziacha. Carol Kaye, mama aliyepiga besi katika studio za Los Angeles kuanzia mwaka 1963 baada ya mpigaji mmoja kutofika kazini, alizitumia nyuzi bapa, akalaza kipande cha kitambaa kizito juu yake ili zisivume kupita kiasi. Naye Steve Harris wa Iron Maiden, kundi lenye kelele kuliko magari ya Kariakoo, hupiga nyuzi bapa hadi leo. Kwa hiyo asemaye kwamba nyuzi bapa ni za nyimbo za polepole peke yake hajasikiliza vya kutosha.

MFANYAKAZI WA DETROIT

Lakini mtu ambaye jina lake haliwezi kutenganishwa na nyuzi hizi ni James Jamerson, na habari zake zinafaa kusomwa na kila mfanyakazi. Alizaliwa mwaka 1936 katika kisiwa cha Edisto, jimbo la South Carolina, na mwaka 1954 alihamia Detroit, mji wa viwanda vya magari uliowavuta Wamarekani Weusi wengi kutoka kusini. Shuleni huko alijifunza besi ile kubwa ya kusimama. Mwaka 1959 Berry Gordy, aliyewahi kufanya kazi katika mstari wa kuunganishia magari, alianzisha kampuni ya sahani za santuri iliyokuja kuitwa Motown, ndani ya nyumba ya kawaida kwenye barabara ya West Grand Boulevard. Jamerson akawa miongoni mwa wanamuziki wake wa studio.

Nyimbo zilitoka humo kama magari yatokavyo kiwandani. Kama una redio au simu yenye muziki, tafuta “My Girl” wa The Temptations, uliotoka mwaka 1964, usikilize sekunde zake za mwanzo. Kabla ya sauti nyingine yoyote, ni besi peke yake ipigayo kama moyo. Huyo ndiye Jamerson. Nyuma ya The Supremes, ya Four Tops, ya Marvin Gaye na ya Stevie Wonder, aghalabu alikuwa ni yeye yule.

Vifaa vyake vilikuwa vichache ajabu. Gitaa lake lililojulikana zaidi lilikuwa Precision Bass la mwaka 1962. Alilipiga kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, kile cha shahada, ambacho wenzake walikiita Ndoano. Chini ya kifuniko cha daraja, pale mwisho wa nyuzi, kulikuwa na kipande cha sponji cha kuzipunguza sauti. Na nyuzi zake zilikuwa bapa, za kampuni ya La Bella, nene kupita kawaida, naye hakuwa na desturi ya kuzibadilisha mpaka ukatike. Jasho, vumbi na miaka viliachwa vikae juu yake. Mpigaji wa nyuzi mviringo angeona kwamba huo ni uzembe; kwa Jamerson ndiyo iliyokuwa sauti yenyewe, nene na iliyokomaa, yenye nafasi ya kupita noti nyingi bila ya kugongana na mwimbaji.

Sasa tazama malipo ya kazi hiyo. Kwa miaka mingi majalada ya santuri za Motown hayakutaja majina ya wapigaji. Msikilizaji wa London au wa Dar es Salaam alimjua mwimbaji, akaijua kampuni, lakini mtu aliyemfanya atikise bega hakumjua. Mpaka mwaka 1971, katika santuri ya “What's Going On” ya Marvin Gaye, ndipo wanamuziki walipotajwa, na Jamerson akapewa sifa ya mtu asiye na mfano. Mwaka uliofuata kampuni ilihamia Los Angeles. Alifuata, lakini mambo hayakumwendea vizuri tena. Alifariki dunia tarehe 2 Agosti, 1983, akiwa na umri wa miaka 47, na siku chache kabla ya kifo chake lile gitaa lake la mwaka 1962 liliibwa. Halijaonekana hadi leo. Mwaka 2000 aliingizwa katika jumba la heshima la muziki wa rock huko Marekani, miaka 17 baada ya kuzikwa. Kumtaja mtu akiwa hai hakugharimu hata wino wa mstari mmoja.

CHOMBO CHA WOTE

Jamerson alikuwa na gitaa lake mwenyewe. Hapa kwetu historia ya muziki wa dansi ilipita njia nyingine. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz, ya mwaka 1971, ilikuwa ya vijana wa chama cha siasa. Mlimani Park ya mwaka 1978 ilianza ikiwa mali ya shirika la usafiri na teksi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, navyo vyombo vilikuwa vya mwajiri. Mpigaji akihama bendi, gitaa lilibaki.

Kwaya nyingi na vikundi vya mitaani bado viko katika hali hiyo. Besi ni moja, imenunuliwa kwa michango, na hupigwa leo na kaka wa miaka arobaini, kesho na binti aliyejiunga juzi. Hilo lina maana kubwa katika kuchagua nyuzi. Mwenye gitaa lake aweza kufuata ladha yake tu, akikosea hasara ni yake. Anayenunua kwa niaba ya wengi hana budi kuuliza maswali ambayo mtu binafsi aweza kuyaruka: nyuzi zitadumu muda gani, zitauumiza mkono wa nani, na je, zitasikika katika spika tulizonazo?

Tuanze na hili la mwisho, kwa kuwa ndilo linalosahauliwa mno. Tumesema uzi wa E hutikisika mara 41 kwa sekunde. Spika ndogo, kama ya redio ya mkononi au ya simu, haiwezi kuitoa sauti nene kiasi hicho. Sikio la msikilizaji huikisia kutokana na zile sauti nyembamba zilizo juu yake. Nyuzi bapa zina uhaba wa sauti hizo nyembamba. Matokeo yake ni kwamba besi yenye nyuzi bapa, ikipitishwa katika spika duni uwanjani, yaweza kutoweka kabisa, wapigaji wakabaki kuongeza sauti mpaka spika ipasuke. Kama kikundi chako hupiga zaidi nje, kwa spika ndogo za kuazima, mimi nakushauri ununue nyuzi mviringo, wala usione haya.

Lakini kama mnapiga ndani ya ukumbi wa zege au kanisa la bati lenye mwangwi, na mnayo spika ya besi iliyo imara, mambo hugeuka. Mwangwi huzirefusha sauti zote. Besi ya mviringo, ambayo tayari hulia kwa muda mrefu, huchanganyikana na mwangwi wake yenyewe mpaka maneno ya waimbaji yasisikike. Besi ya nyuzi bapa hupiga na kukoma, ikaacha nafasi. Wazee wa kwaya wanaolalamika kwamba magitaa yameyaua maneno ya nyimbo, pengine kinachowasumbua si magitaa.

Kuna na muziki wenyewe. Kwa dansi la kale, taarab, rege, nyimbo za kwaya na za soul, nyuzi bapa ziko nyumbani. Kwa kijana anayetaka kupiga kwa kidole gumba, kule kuugonga na kuunyofoa uzi, au anayefuata besi kali za sebene ya kisasa ya Kongo, nyuzi hizi zitamkatisha tamaa. Usimnunulie kwa kuwa gazeti limezisifu. Mpe nyuzi mviringo, na baada ya miaka kumi atazitafuta bapa mwenyewe.

UNENE NA UREFU

Unene wa nyuzi huandikwa kwenye pakiti kwa sehemu za elfu za inchi. Seti ya kawaida huanza na 45 kwa uzi wa G na kuishia 100 au 105 kwa uzi wa E, yaani tangu milimita 1.14 hadi 2.67 hivi. Zile za Jamerson zilikuwa 52 hadi 110, na zinauzwa hata sasa. Wapo wanaozinunua kwa ajili ya jina lake, kisha vidole vikavimba wiki ya kwanza. Kwa gitaa la kwaya lenye mikono mingi, na hasa mikono ya wanaojifunza, 45 hadi 100 yatosha.

Hata hivyo unene peke yake haukuambii kila kitu. Nyuzi mbili zenye unene sawa zaweza kutofautiana katika mkazo, yaani nguvu inayohitajika kuzivuta mpaka zifike kwenye sauti yake. Nyuzi nne za besi kwa pamoja huivuta shingo ya gitaa kwa nguvu ya kati ya kilo 60 na 90, kutegemea seti, na nyuzi bapa nyingi ziko upande wa juu. Thomastik-Infeld ya Vienna hutengeneza nyuzi bapa zenye mkazo mdogo, laini kidoleni, ila bei yake hukwea. Chromes za D'Addario huwa na mkazo zaidi na sauti angavu kuliko nyuzi bapa nyingine, nazo ni daraja zuri kwa aliyezoea mviringo. La Bella ndizo za mngurumo wa kale. Tazama pia kwamba pakiti iwe na muhuri wake, maana nyuzi bandia zimejaa katika masoko ya dunia.

Urefu nao usipuuzwe. Magitaa mengi ya besi yana inchi 34 kutoka kwenye daraja hadi kwenye kile kijipande chenye mifuo juu ya shingo. Yako mafupi ya inchi 30 hivi, kama lile la Höfner ambalo Paul McCartney alilinunua Hamburg mwaka 1961. Pima kwa futi ya fundi cherehani kabla ya kwenda dukani. Nyuzi bapa nyingi zimezungushiwa uzi wa hariri wa rangi pale mwishoni, na hariri hiyo yapasa ianzie nyuma ya kijipande chenye mifuo, isilale juu yake. Uzi wa gitaa refu ukifungwa kwenye gitaa fupi, sehemu nene italazimika kuzunguka kwenye kigingi cha kukazia, na hapo utepe hufumuka.

KUZIFUNGA

Fumuko hilo ndilo kosa linaloua nyuzi bapa nyingi siku ya kwanza. Usiukate uzi kabla ya kuukunja. Pima, acha inchi mbili au tatu zaidi ya kigingi, ukunje kwa koleo mpaka uwe na kona kali, ndipo ukate mbele ya kona hiyo. Kona huushika utepe usiteleze juu ya kiini. Badilisha uzi mmoja mmoja, si yote minne kwa pamoja, ili shingo isipoteze mkazo wake ghafla. Kama nyuzi mpya zina mkazo kuliko za zamani, shingo itapinda kidogo mbele na nyuzi zitainuka juu ya freti. Ndani ya shingo imo fimbo ya chuma ya kurekebisha hali hiyo. Igeuzwe robo mzunguko kwa mara moja, tena na mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo. Wenye papara wameivunja. Baada ya hapo fundi asawazishe daraja ili uzi uliobanwa katikati ya shingo usitofautiane na ule ulio wazi.

Wiki za mwanzo nyuzi zitalia kidogo kwa ukali. Usiharakishe kuzihukumu. Nyuzi bapa hukomaa, na baada ya miezi michache ya kupigwa zitakaa katika sauti yake ya kweli. Hapo ndipo ilipo faida kwa mweka hazina. Nyuzi mviringo hushika jasho, mafuta na vumbi katika mifereji yake, na katika hewa ya chumvi ya pwani hufifia na kuota kutu mapema. Wapo wapigaji wanaozichemsha katika sufuria ya maji ili kuutoa uchafu, na kweli sauti hurudi kwa siku kadhaa. Mama mwenye nyumba atakuwa na neno lake juu ya sufuria. Nyuzi bapa usizichemshe. Maji yakiingia chini ya utepe hayatoki upesi. Kitambaa kikavu kila baada ya kupiga kinatosha.

Hebu tupige hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, nyuzi mviringo ni shilingi 60,000, nazo kwaya inazibadilisha mara mbili kwa mwaka. Katika miaka mitatu zimekula shilingi 360,000. Tuseme nyuzi bapa ni shilingi 150,000. Zikitunzwa, miaka mitatu ni umri wa kawaida kwake, na wengi huzipiga zaidi ya hapo. Zaidi ya hayo, uso wake laini hauzili freti kama nyuzi mviringo, na gharama ya kubadilisha freti si ya kuchezea. Kwa hiyo, penye spika nzuri na muziki unaozifaa, ile seti ya bei kubwa ndiyo ya bei ndogo, na mweka hazina aweza kusimama mbele ya wachangiaji na karatasi yake bila ya wasiwasi.

Nyuzi mlizozivua nazo zisitupwe, iwapo zingali zima. Zifutwe, zikunjwe kwa duara pana, kila moja ndani ya bahasha yake iliyoandikwa E, A, D au G, zikae chini ya sanduku la gitaa. Ni nadra uzi bapa kukatika, lakini ukikatika Jumamosi usiku, siku ya pili kwaya ina harusi, duka lililo wazi litataka kukuuzia seti nzima kwa ajili ya uzi mmoja.